Hodi ya Saa Nne

Ujumbe wa mwenye seva, kampuni iliyohifadhi tovuti yangu, ulikuja mwezi wa tisa, mfupi na wa adabu. Ulisema kwamba ifikapo mwisho wa mwezi wa kumi, toleo la zamani la lugha ya kompyuta niliyoandikia tovuti yangu litaondolewa kwenye mashine zao. Tovuti ambazo hazitakuwa zimehamia toleo jipya zitaacha kufunguka. Mwishoni wakanishukuru kwa kuwa mteja wao.

Niliusoma mara mbili nikiwa kwenye steshenari ya Bwana Kondo, pale Kibiti karibu na stendi, huku nikisubiri mashine ya fotokopi ipoe. Ulikuwa mwaka 2008. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Dar es Salaam mwaka uliotangulia, nina shahada ya kompyuta, na kazi yangu ilikuwa kuwapigia chapa watu wengine barua za kuomba kazi.

Tovuti yenyewe iliitwa Hodi. Tuliijenga watu watatu tukiwa mwaka wa pili: mimi, Johari na Ridhiwani. Haikuwa na mambo mengi. Ukiifungua unakuta mlango wa buluu, na chini yake kitufe kimoja kilichoandikwa Hodi. Ukikibonyeza, wenzako walioufungua ukurasa wakati huo wanaona kwamba uko nje. Mmoja akijibu Karibu, mlango unafunguka, mnaandikiana mpaka mchoke. Usipojibiwa unaweza kupiga tena, na tena. Baada ya hodi ya tatu kitufe kinatoweka hadi kesho yake, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa: ukishapiga hodi tatu bila jibu, unaondoka.

Ridhiwani aliongeza sheria yake mwenyewe. Alitaka hodi isiyojibiwa isionekane na mtu yeyote.

"Mtu asije akaaibika," alisema. "Asionekane alisimama mlangoni kwa watu na hakuna aliyemtaka."

Tukakubaliana hivyo. Kwenye hifadhi ya tovuti hodi zote zilibaki, lakini tuliapa kwamba hakuna atakayechungulia humo.

Wenzetu wa bwenini walitucheka. Walituuliza kuna tofauti gani na imeili. Johari ndiye aliyewajibu, na jibu lake sijalisahau: "Imeili unaandika ukiwa na jambo. Hodi unapiga ukiwa huna jambo."

Baada ya mahafali tulitawanyika. Johari alipata nafasi ya kusoma shahada ya pili Malaysia. Ridhiwani akaenda Muscat kwa wajomba zake, akaajiriwa kwenye ofisi ya tiketi za ndege. Mimi nilirudi upande wa kwetu. Miezi ya mwanzo Hodi ilikuwa na watu kila jioni. Baadaye ikawa Jumamosi kwa Jumamosi. Baadaye Johari akawa na mitihani, Ridhiwani akawa na zamu, na mimi nikawa na muda mwingi sana.

Kila asubuhi, kabla sijafagia duka, nilifungua ule mlango wa buluu. Nilipiga hodi, nikasubiri. Nikapiga ya pili, nikasubiri. Nikapiga ya tatu. Kitufe kilipotoweka, nilichukua ufagio.

*

"Injinia," Bwana Kondo aliniita siku ile, "mbona umeikodolea macho hiyo mashine kama imekutukana?"

Bwana Kondo alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyekuwa akiuza korosho kabla hajanunua mashine ya fotokopi. Kwake mtu yeyote anayejua kuwasha kompyuta ni injinia.

Nikamweleza. Nikamwambia nina tovuti, na tovuti itazimwa nisipoihamishia kwenye kiunzi kipya kinachoendana na lugha mpya.

"Kiunzi ndiyo nini?"

"Ni programu waliyoiandika watu wengine, inabeba yale mambo ya kawaida ambayo kila tovuti inayahitaji. Mimi naweka ya kwangu juu yake. Kama nyumba ya miti, mzee. Nguzo na fito vinashika, halafu wewe unakandika udongo wako."

"Basi nguzo zimeliwa na mchwa."

"Hazijaliwa. Zimepitwa na wakati."

"Yote mamoja. Na humo ndani wanakaa watu wangapi?"

"Watatu."

"Watatu na wewe?"

"Na mimi."

"Na hao wawili, mara ya mwisho wamelala humo lini?"

Nikainamia karatasi za fotokopi. Bwana Kondo akaniangalia, kisha akaigeukia mashine yake na kuanza kuipuliza vumbi. Alikuwa na huruma ya namna hiyo: akishajua amekugusa panapouma, anajifanya ana shughuli.

Lakini swali lake lilibaki. Kwa nini nihangaike na nyumba isiyo na watu? Usiku ule nilijiwekea shauri. Nitaihamisha Hodi, yote, bila kuacha kitu. Kisha nitawaalika Johari na Ridhiwani siku moja, saa moja iliyopangwa, tukutane kama zamani. Wakija, nitaendelea kuitunza. Wasipokuja, nitamwandikia mwenye seva aifunge, na nitaacha kujidanganya kwamba bado nina mahali pa kupiga hodi.

*

Kazi ilichukua wiki tatu, saa za mchana ambazo duka halina mteja. Yeyote aliyewahi kuhamisha programu kutoka kiunzi cha zamani kwenda kipya anajua ilivyo. Unabadilisha nguzo moja, ukuta wa upande wa pili unaanguka. Amri uliyoizoea imepewa jina jingine. Kilichoruhusiwa jana leo ni kosa. Siku nzima nilikuwa nikitazama ukurasa mweupe, hauna mlango wala kitufe, nikitafuta nukta mkato iliyopotea.

Hata hivyo nilifurahi kuliko nilivyofurahi mwaka mzima. Kila faili niliyoifungua ilikuwa na mkono wa mtu. Johari aliandika mistari mifupi, iliyonyooka, na juu ya kila sehemu akaweka maelezo ya kueleza inafanya nini. Ridhiwani hakueleza kitu, ila aliacha utani. Mahali pamoja aliandika: "Usiguse hapa, hata mimi sijui kwa nini inafanya kazi." Niliiacha vilevile.

Kwenye faili ya mipangilio ndiko nilikokutana na Buenos Aires.

Nilicheka kwa sauti, mpaka mteja aliyekuwa akisubiri cheti chake cha kuzaliwa akanigeukia. Nilikuwa nimesahau kabisa. Tulipokuwa tunaijenga Hodi, kiunzi cha zamani kilitaka tukichagulie mji, kisha kikawa kinaandika saa za mji huo. Tulipochagua Dar es Salaam, mtu aliyekaribishwa asubuhi jua linapochomoza aliandikiwa saa saba. Ridhiwani alikasirika kweli.

"Saa saba watu wanakula mchana," alisema. "Kwa nini mashine yetu iseme Kizungu?"

Mimi nilitaka kuandika hesabu ya kupunguza saa sita. Johari akasema ngoja. Akashuka na orodha ya miji ya dunia, taratibu, kidole kwenye kioo, mpaka akaupata mji ulio nyuma yetu kwa saa sita kamili. Kwetu ikiwa saa moja asubuhi, kwao saa yao inasoma moja ya usiku wa manane. Kwetu saa nne, kwao nne. Namba zilezile.

"Basi tumehamia," alisema. "Kuanzia leo Hodi iko Buenos Aires."

Kwa miaka yote ile nyumba yetu ya Kiswahili ilikuwa inasoma saa ya upande wa pili wa dunia, na ilikuwa inasema kweli. Niliona ni vyema ibaki huko. Nikaupeleka mji uleule kwenye mipangilio mipya, nikajaribu, na saa zikatoka sawasawa.

Kiunzi kipya kilikuwa na jambo moja lililonipendeza sana. Kiliweza kuchukua saa ya miadi na kumwandikia kila mwalikwa kwa saa ya mji anaoishi. Kwenye taarifa binafsi za Johari tayari kulikuwa na Kuala Lumpur, mji anaosoma huko Malaysia. Alijaza mwenyewe alipofika. Ridhiwani hakuwahi kujaza chochote kwenye sehemu yake, hata picha. Nikafurahi hata hivyo. Nilimwona akilini Johari akifungua imeili yangu na kukuta saa yake mwenyewe, bila kuhesabu vidole. Niliona ni kama kumwekea mtu kiti kabla hajafika.

Jumatatu niliyomaliza, nikaipandisha Hodi mpya kwenye seva. Mlango wa buluu ukatokea. Nikaandika mwaliko: Jumamosi, saa nne asubuhi ya nyumbani. Nyumba imebadilishwa nguzo, njooni mwone. Kompyuta ikaweka yenyewe saa chini ya kila mwaliko, ikatuma.

"Umewaita?" Bwana Kondo aliuliza.

"Nimewaita."

"Na wasipokuja?"

"Nafunga."

"Ah, bwana mdogo! Mtu anafungaje nyumba aliyotoka kuijenga?"

"Nyumba ni watu, mzee."

"Haya," alisema, akainua mikono. "Mimi nauza fotokopi tu."

*

Jumamosi nilivaa shati la mikono mirefu. Najua ni jambo la kuchekesha. Hakuna ambaye angeniona. Robo saa kabla ya saa nne nilikuwa nimeketi. Bwana Kondo alikuwa ameniachia duka, na nje mabasi ya kwenda Lindi yalikuwa yakiingia na kutoka, wauza mayai na machungwa wakiyakimbilia madirishani.

Saa ya ukutani ilipofika saa nne, nilifungua mlango wa buluu. Hapakuwa na hodi ya mtu yeyote.

Nikasubiri kidogo kisha nikapiga hodi. Nilijiambia mtandao wa Muscat labda unasumbua. Nikapiga ya pili. Mteja mmoja aliingia akitaka kuandikiwa barua ya kuomba uhamisho. Nikamwomba arudi baadaye, akaondoka akinung'unika. Saa nne na nusu. Nilijua kwamba nikipiga ya tatu sitakuwa na nyingine. Nilikaa na kidole juu ya kipanya kama mtu anayeshika maji mdomoni. Ilipofika saa tano kasoro kidogo, nikapiga.

Hakuna aliyejibu. Kitufe kikatoweka, nami nikawa nje ya nyumba yangu mwenyewe, nimefungiwa na sheria niliyoiandika kwa mkono wangu.

Sikulia. Nilizima kompyuta, nikafunga duka, nikapeleka ufunguo nyumbani kwa Bwana Kondo. Alinitazama usoni. Aliniambia tu, "Nenda kamwone mama yako. Jumatatu tutaonana."

*

Mama yangu, Bi Subira, anaishi Nyamisati, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba yangu kwa miti ya mikoko aliyoikata mwenyewe. Pikiapu iliyonichukua ilikuwa na magunia ya unga na akina mama wawili waliokuwa wanawahi boti ya Mafia. Waliongea njia nzima. Mmoja aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana.

Nilifika adhana ya alasiri imeshatolewa. Mlango wa nyumba ulikuwa umerudishiwa. Nilisimama nikasema, "Hodi."

Kimya. Nilisikia kuku tu wakiparua uani.

"Hodi mama."

Kimya. Moyo wangu ukafanya jambo la kijinga. Nilijua mama yumo. Kandambili zake zilikuwa mlangoni. Lakini baada ya asubuhi ile, kimya cha aina yoyote kilikuwa kinaniingia mwilini kama baridi.

"Hodi," nikasema mara ya tatu, sauti ikiwa imekwisha. Nikageuka. Kweli, niligeuka, nikapiga hatua kuelekea gatini.

"We Swalehe!" Mama alitoka, bado amevaa kanga ya kusalia. "Wenda wapi?"

"Nimepiga hodi hukujibu."

"Nilikuwa nasali! Mie nasujudu, we wapiga hodi, ulitaka nikujibu vipi? Nikate sala?" Akanishika mkono akanigeuza kama alivyokuwa akinigeuza nilipokuwa mdogo. "Nimekusikia toka ya kwanza. Mtu aliye kwenye sala hajibu, lakini si kwamba hasikii."

"Hodi tatu, mama. Si mnatufundisha tuondoke?"

"Kwa watu baki. Hapa baraza si hiyo? Kibao si hicho? Ungekaa. Anayetaka mtu kweli hukaa barazani akangoja, akikohoakohoa." Akanitazama vizuri. "Na shati hilo la harusi ya nani?"

Nikacheka, nikashindwa kuendelea kucheka. Akaniambia niingie. Nilikula wali na kamba wa nazi, nikalala pale. Jumapili niliamka mapema nikakaa kwenye kile kibao cha barazani. Baba alikitengeneza kwa gogo la mkandaa, aina ya mkoko, na kwa kukaliwa miaka mingi kimekuwa laini kama sahani. Sikumweleza mama habari za Hodi. Nisingejua nianzie wapi.

*

Jumatatu asubuhi nilifika dukani nikiwa na uamuzi. Nilifungua sanduku la imeili la msimamizi wa tovuti, ambalo silifungui ila nikiwa na shida na mwenye seva. Nilitaka kumwandikia afunge akaunti.

Nikakuta taarifa sita mpya. Zote zilisema maneno yaleyale: *Johari amesahau neno la siri. Ameomba akumbushwe.*

Niliona ajabu. Johari alikuwa msichana aliyekariri namba za usajili za darasa zima. Tena mtu anayesahau neno la siri huomba mara moja, akatumiwa, yakaisha. Mara sita, zikipishana dakika chache?

Nikaufungua ukurasa wa mlango nikautazama kana kwamba nauona mara ya kwanza. Mtu akishapiga hodi tatu, kitufe cha Hodi kinatoweka. Kinachobaki kwenye ukurasa mzima, chini kabisa, kwa herufi ndogo, ni kimoja tu: *Nimesahau neno la siri.*

Johari hakusahau kitu. Mlango ulipofungwa alizunguka akagonga dirisha.

Sikuandika barua kwa mwenye seva. Nilitazama saa ya zile taarifa. Jumamosi, kuanzia saa tatu na dakika kumi na kitu. Saa tatu! Nilikuwa bado chumbani kwangu napiga pasi shati. Nikaufungua mwaliko aliotumiwa. Chini yake kompyuta ilikuwa imeandika: *Kuala Lumpur, 14:00.* Nikahesabu kwa vidole, kazi niliyotaka kumpunguzia mwenzangu. Malaysia wako mbele yetu kwa saa tano. Saa nne yetu ilipaswa kuwa 15:00 kwao. Ilikuwa imepungua saa nzima.

Nilitafuta kosa kwenye maandishi yangu, sikuliona. Nilikuja kuliona kwenye habari za dunia, kwenye tovuti ya gazeti la huko mbali, na nilisoma kwa shida. Jumapili ile ya kabla sijatuma mwaliko, Argentina, nchi ya Buenos Aires yetu, walikuwa wamesogeza saa zao mbele kwa saa moja, hivyo nne yao sasa ilikuwa tatu yetu. Kwao kiangazi kilikuwa kinaingia. Kiunzi cha zamani hakikujua mambo hayo. Kwake Buenos Aires ilikuwa namba tu isiyobadilika. Kiunzi kipya kilikuja na jedwali jipya la saa za dunia nzima, kikijua kila kitu. Kilijua mpaka lile ambalo mimi sikulijua, na nilipokijaribu kabla ya Jumapili hiyo lilikuwa halijatokea.

"Bwana Kondo," niliita. "Unajua kuna nchi watu wanasogeza saa mbele?"

"Wanasogeza saa? Kwa nini?"

"Kwa ajili ya jua. Wapate mwanga jioni."

"Na jua lenyewe linakubali?" Akacheka mpaka akashika meza. Aliponiona sicheki akaja kusimama nyuma yangu. "Kuna nini, mwanangu?"

"Walikuja," nikasema. "Angalau mmoja alikuja."

Ndipo nikafanya tulichoapa kutofanya. Nilifungua hifadhi, nikachungulia hodi zisizojibiwa za Jumamosi.

Johari, hodi tatu, kuanzia saa tatu ya Kibiti. Mimi, hodi tatu, kuanzia saa nne. Na chini yetu, Ridhiwani. Hodi tatu, kuanzia saa kumi jioni.

Nikaufungua na mwaliko wake, ndipo nikaelewa. Kwa kuwa hakujaza mji wake, mwaliko wa Ridhiwani haukutafsiriwa. Chini yake kompyuta iliandika tu *04:00*. Yule aliyekasirika kwamba mashine inasema Kizungu alikuwa amekaa Muscat, anauza tiketi, anasoma saa za ndege kutwa. Hakusoma tena maneno yangu ya juu. Alisoma namba, kama wanavyosoma kazini kwake. Nne ya alfajiri haikuingia akilini, basi akachukua nne ya jioni ya nyumbani, maana alijua Hodi husoma saa za nyumbani. Saa kumi yetu. Alikuja kwa wakati, kwa hesabu zake. Akapiga mara tatu kwenye nyumba aliyoijenga, akaondoka, na kwa sheria yake mwenyewe hakuacha alama.

Saa kumi. Saa ileile mimi nilikuwa nimesimama Nyamisati mlangoni kwa mama, nageuza mgongo.

Watu watatu, siku moja, mlango mmoja. Kila mmoja alisimama peke yake, akaamini wengine hawakuja. Nilirudi nyuma kidogo kwenye hifadhi, sikuweza kujizuia, na kwenye miezi ile niliyodhani ni mimi tu niliyekuwa napiga hodi, nikaona majina yao. Si mara nyingi. Johari usiku mmoja wa mwezi wa sita. Ridhiwani sikukuu ya Idi. Johari tena. Kila mmoja alikuja mara zake tatu za adabu, nikiwa nimelala, au nimekwishapiga zangu na nafagia.

Nilifunga hifadhi. Yaliyobaki sikutaka kuyaona, hayakuwa yangu.

*

Siku ile Bwana Kondo alihudumia wateja wote mwenyewe. Nilimsikia akimwambia mtu, "Mwache huyo, anajenga."

Kwanza niliihamisha Hodi. Niliitoa Buenos Aires nikaileta Dar es Salaam, na ile hesabu ya kupunguza saa sita niliyotaka kuiandika zamani nikaiandika, mistari minne tu. Juu yake nikaweka maelezo, kama Johari angefanya: *Hapa tunahesabu tangu jua linapochomoza.*

Kisha nikaugusa mlango. Hodi tatu nikaziacha tatu. Lakini baada ya ya tatu, mahali ambapo kitufe kilikuwa kinatoweka, niliweka kibao. Nilikichora vibaya, maana sijui kuchora, ila kilifanana kidogo na kile cha baba. Ukishapiga hodi bila kujibiwa, unaweza kukaa barazani. Jina lako linabaki pale, na neno ukitaka kuacha neno, mpaka mwenzako atakapotoka. Sheria ya Ridhiwani niliivunja bila kumwomba ruhusa. Alitaka kutuepusha na aibu, Mungu amlipe, lakini aibu ile ndiyo pekee ingetuambia kwamba bado tunatakana.

Nilipomaliza jua lilikuwa limeelekea magharibi na Bwana Kondo anateremsha shata ya upande mmoja. Nilipiga hodi zangu tatu. Sikujibiwa; sikutarajia. Nikabonyeza kibao. Ukurasa ukaandika: *Swalehe amekaa barazani.*

Chini yake nikaandika: "Johari, nimesikia ukigonga dirisha. Ridhi, ulikuja saa kumi, nami sikuwepo. Nilikosea saa, sikukosea watu. Karibuni."

"Injinia, tunafunga."

"Nakuja, mzee."

Sikuzima ukurasa kwa haraka. Niliutazama, mlango wa buluu, kibao, na jina moja.

Asubuhi yake nilifika kabla ya Bwana Kondo. Nilipandisha shata nusu, nikapita chini yake, nikawasha mashine nikiwa bado nimesimama. Barazani hapakuwa na mtu. Lakini jina langu halikuwa peke yake tena. Wakati mimi nimelala, kwake Malaysia kukiwa kumekucha, Johari alikuwa amepiga hodi zake tatu, akakaa, kisha akaenda darasani. Aliacha maneno machache.

"Sikuhesabu saa, Swalehe. Niliona imeandikwa, nikajua umehesabu wewe. Nimekaa kidogo. Kibao chako kibaya sana. Nitapita tena."

Jina la Ridhiwani halikuwepo. Halikuwepo jioni ile, wala kesho yake. Labda alihesabu hodi zile tatu kuwa za mwisho. Mwisho wa mwezi ulipofika, mwenye seva aliondoa toleo la zamani kama alivyosema, na Hodi ikabaki imesimama juu ya nguzo zake mpya.

Bado nafungua kila asubuhi kabla ya kufagia. Napiga hodi tatu. Kisha nakaa kidogo barazani, upande mmoja wa kibao, nikimwachia mtu nafasi.